Thelathini na Tisa

Jogoo alikuwa ametulia kwapani, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga. Aliyekuwa akitetemeka ni Kornelia. Ukungu ulikuwa umeshuka Mogitu tangu asubuhi, na nyumba ya mwalimu Judith haikuonekana mpaka uiguse fensi yake ya minyaa.

Thelathini na tisa! Arobaini ndiyo kufaulu. Hiyo ilikuwa sapu yake ya mwisho, mtihani wa marudio usio na mwingine, na kesho saa nne matokeo yanapelekwa kwa mkuu wa chuo. Yakishafika huko, basi tena, amedisko, anafukuzwa chuo. Na kule Bashay nafasi yake ya kazi ilikuwa inasubiri cheti chake tu.

Lile somo la hisabati, we acha tu. Darasani walianza sitini, wamebaki kumi na tisa. Matriksi zilimuumiza kichwa. Halafu ile mipira kwenye mfuko: ukitoa miwili bila kuangalia, uwezekano wa yote kuwa myekundu ni upi? Kornelia aliuota mfuko ule. Aliota anaingiza mkono, na ndani kuna mkono mwingine unamshika.

Basili, aliyekuwa na akili kuliko wote, alidisko mwaka jana. Sasa anachunga ng'ombe Gehandu, na ukimuuliza habari za chuo anakupa kisogo.

"Usithubutu kwenda kwake," Felician, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemwonya jana, huku amembebea mkoba kama kawaida yake. "Waliokwenda kumlilia wote wamedisko. Yule hana huruma hata chembe."

Kornelia aliupokea mkoba wake, akaenda zake. Ukali wa Judith aliujua kabla ya wote, ila pale chuoni hakumwambia mtu. Naye Judith, mihula yote minne, hakuwahi kumtazama usoni. Akishasahihisha, karatasi ya Kornelia aliipitisha kwa mkono wa mwanafunzi mwingine, alama zimeandikwa kwa wino mwekundu, bila neno.

Akasukuma geti. Mbwa akatoka mbio, yule yule aliyemrarua Felician suruali alipoleta madaftari. Kornelia akasimama. Mbwa akamnusa viatu, akanyamaza, akalala miguuni pake.

Mlango ukafunguka kabla hajapiga hodi. Judith alikuwa amesimama pale, kalamu nyekundu mkononi, anamtazama jogoo.

"Nimekuja kwa ile alama," Kornelia akasema. "Ni moja tu. Nakuomba. Ukiniangusha hapa sina tena pa kwenda."

Judith aliifunika kalamu yake, akaitia mfukoni.

"Darasa la pili, kule Bashay, nilikosa alama moja," akasema mwishowe. "Moja tu, kama hii. Mwalimu akanifanya nikariri darasa. Nililia wiki nzima, wala hakubadili."

Kornelia akakosa pa kutazama. Jogoo akaanza kufurukuta.

Judith akapiga goti, akampokea jogoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," akasema. "Siku ile uliniambia huwezi kumbeba mtoto wako wa kumzaa mbele ya watoto wa watu."