Kama Katika Filamu Ile

Nkusi alisimama kabla meneja hajamaliza kusoma.

Taarifa ilisema kwamba mwenzao aliyekatwa vidole Jumatatu alikuwa mzembe. Ilikuwa mchana, ndani ya kantini ya kiwanda katika mji wa Buffalo, na wafanyakazi thelathini walisubiri kuitia sahihi.

"Si kweli," alisema Nkusi. "Kifuniko cha mashine mlikitoa ninyi, ili kazi iende mbio. Sisi wote tuliona."

Hakuogopa sana. Kila Jumamosi yeye na binti yake hutazama filamu za zamani za kuchekesha, zisizo na rangi. Katika ile waipendayo zaidi, fundi wa kawaida husimama hivyohivyo mbele ya matajiri. Kwanza watu humcheka. Halafu mmoja husimama, kisha wa pili, hadi ukumbi mzima.

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Nkusi aligeuka.

Alikuwa mjomba wa yule aliyekatwa vidole. Alikuwa amesogeza kiti karibu na meza, apate kuandika vizuri.

Kalamu ilipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyemtazama Nkusi. Meneja alimwambia arudishe kitambulisho chake cha kazi.

Nyumbani, katika mtaa wa Black Rock, binti yake alishangaa kumwona amerudi mapema. Nkusi alimweleza jinsi alivyosimama, na alichosema.

"Na wengine, papa? Walisimama?"

Nkusi alivua viatu, kimoja kimoja, bila haraka.

"Bon, basi," alisema. "Mmoja alianza. Kisha wote."