Kioo Kwenye Ufa

Tahsini hakuwa na sare, wala filimbi, wala cheti chochote, ingawa ulinzi wa magofu yote ya kale juu ya ghuba ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa na jambo moja alilofundishwa na mwashi: ukiutilia shaka ufa, bandika juu yake kipande chembamba cha kioo. Ukuta ukisogea, kioo kitavunjika.

Asubuhi hiyo alikikuta kimevunjika kile alichokibandika kwenye ufa wa tao la mawe.

Alifunga kamba chini ya tao. Wageni waliotoka kuoga kwenye maporomoko ya maji waliiruka wakicheka, wakawapanga watoto wao wapigwe picha. Akawadanganya kwamba kuna nyigu. Waliondoka, wakaja wengine.

"Shemeji, umeanza tena," alisema Nebiha, mjane wa kaka yake, akikamua machungwa kibandani. "Tao limesimama miaka elfu mbili. Lilikuwa linakungoja wewe?"

"Kioo kimevunjika, Nebiha."

"Nitakununulia kingine. Ukiwaandikia wakubwa watafunga lango, na mji mzima unaokula kwa hela za wageni utajua ni nani aliyeandika. Utapita njia gani kwenda kwako?"

Punje za mchanga kutoka kwenye tao juu yake zilimwangukia begani, laini kama unga. Tahsini aliruka kando, akaenda kuketi nyuma ya kibanda, akaandika mistari minne na jina lake kamili. Ulimi ulikuwa mkavu, gundi ya bahasha ikakataa kulowa. Akachovya kidole kwenye juisi ya Nebiha, akaifunga. Kisha akavuka barabara, akaitumbukiza barua sandukuni, akabaki pale ameyapa magofu kisogo, akisikiliza.