Wachimbaji Wanne wa Bloku Moja

Jumatatu asubuhi bloku moja ilikuwa na wachimbaji wanne. Jumatano mchana nusura ikose hata mmoja.

Chanzo ni Mitesh, fundi simu wa Mlandege, pale Iringa mjini. Yeye ndiye aliyeleta mashine nne kuukuu akawauzia majirani. Kazi ya mashine hizo, aliwaambia, ni kubahatisha namba usiku na mchana, zikishindana na mashine za dunia nzima. Itakayopatia inaandika ukurasa mmoja kwenye daftari la sarafu ya mtandaoni. Ukurasa huo ndio unaitwa bloku, na mwenye mashine hupewa zawadi. Mitesh alizitengeneza zote, akazirudisha kila moja kwenye kisanduku chake cha mbao, akapiga misumari ili zisiharibike njiani, akazigawa.

Jumapili namba ikapatikana. Zawadi ya kununua Fuso mbili! Lakini Mitesh, kwa uvivu wake, alikuwa amezipa mashine zote nne anwani moja na jina moja: Mlandege. Basi bloku ilisema imechimbwa na Mlandege. Mlandege yupi, haikusema.

Mzee Bharat, mwenye duka la misumari na mabati, alijua ni yake. Alijuaje? Aliitaka kuliko wengine wote. Binti yake Komal alikuwa anaolewa Mbeya mwezi uliofuata, na shemeji yake Bhavin alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba ukumbi atalipia yeye, maana "Bharat maskini wa Mungu hana kitu." Bharat alikuwa radhi atafune misumari yake yote kuliko kumpa Bhavin raha hiyo.

"Ni yangu," alisema kwenye kikao. "Yangu inanguruma kuliko zenu zote."

"Inanguruma kwa njaa," alidakia Clement kinyozi. "Yangu ndiyo iliyowaka taa Jumapili."

Yudith wa saluni akaapa kwamba yake ameiombea kanisani wiki tatu. Rozalia, mama chai mwenye kibanda walichokutania, aliyempokea kila mtu kwa "kamwene" kama Mhehe wa kuzaliwa, alisema tu, "Na mimi ni yangu," akaendelea kuchuja chai.

Nkuba, mwenyekiti wa mtaa, ndiye aliyeitwa kuamua. Alikuwa Msukuma, mtoto wa wafugaji, amekulia bonde la Usangu nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Rozalia alimsukumia kisanduku akikalie. Alisikiliza ubishi ule mpaka chai yake ikapoa.

"Nimeamua kesi nyingi za ndama," alisema. "Ndama ana rangi, ana masikio. Hiki kitu chenu hakina hata mkia! Nipeni siku mbili."

Rozalia alicheka peke yake, akammiminia chai nyingine.

Jumatano, wote wakiwa pale pale kibandani, akatokea bwana mmoja mwenye tai na faili. Alisema anatoka ofisini. Ofisi gani? Ofisi kubwa. Anamtafuta mtu aliyechimba bila kibali.

"Shimo liko wapi?" aliuliza.

"Hakuna shimo, mheshimiwa," alisema Mitesh. "Hii inachimbwa mtandaoni."

"Kwa hiyo na shimo amelificha!" Akaandika. "Faini ni mara mbili ya alichopata. Akishindwa, ndani. Haya, nani alichimba?"

Weee! Clement alikumbuka kwamba mashine yake ni mbovu tangu siku ya kwanza, anaegeshea mlango. Yudith akasema yake anakaushia nywele za wateja, mambo ya bloku anayasikia redioni. Bharat aliufikiria ukumbi, akamfikiria Komal, roho ikamuuma kweli kweli. Kisha akajiona yuko mahabusu, Bhavin anamletea chakula kwenye hotipoti. Hotipoti ndiyo iliyommaliza.

"Mimi mheshimiwa nauza misumari tu," alisema. "Hata simu yangu anaishika mke wangu."

Wakatia sahihi mmoja mmoja: sikuchimba, wala sitadai kamwe. Sahihi ya Bharat ilisomeka vizuri tu.

Rozalia alijifuta mikono kwenye kanga.

"Ni yangu," alisema. "Kama ni faini, nitalipa. Kama ni ndani, twende. Mtu hamkani mtoto wake."

Yule bwana akalegeza tai na kuangua kicheko. Kumbe ni Seni, mpwa wake Nkuba, na tai yenyewe kaazima.

Nkuba aliinuka kwenye kisanduku chake. "Kwetu Usangu ndama akigombewa, tunatangaza kwamba amekula mahindi ya watu, mwenyewe aje alipe. Waongo hutimka wote. Anayebaki ndiye mwenye ndama. Mitesh, mpe mama zawadi yake."

Bharat alishikwa na aibu mpaka masikioni. Hata hivyo, muungwana ni vitendo. Alasiri alirudi kibandani kumpa mama wa watu hongera.

Rozalia alimsukumia kisanduku kile kile. Bharat aliinama kukipangusa vumbi kabla ya kukaa, na vidole vyake vikapita juu ya vichwa vya misumari. Inchi mbili, ya kwake, ile aliyomuuzia Mitesh kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa minne, yote imekaza, hakuna hata mmoja uliowahi kung'olewa.

Akainua uso taratibu.

"Keti, Mzee Bharat," alisema Rozalia, akimmiminia chai. "Marehemu baba yangu alinyang'anywa ndama wake watatu kwa mtego huo huo, kule kule Usangu. Sukari vijiko vingapi?"