Chupa ya Sosi

Chupa ilipaswa kuwa tupu. Mchungaji alisema mara tatu: wapinzani wataigiza tu kumwaga, watazamaji wataelewa wenyewe. Nyanchama akaitikia amina kama wengine, kisha akaingia jikoni mwa kanisa akaijaza sosi ya nyanya mpaka shingoni.

Ulikuwa mchezo wa Februari, mwezi wa historia ya watu weusi. Kanisa la Wakenya ughaibuni, hapo mtaa wa Mount Dennis, liliigiza Wamarekani weusi wa miaka ya sitini waliokaa kwenye mkahawa wa Wazungu wakakataa kuondoka, huku wapinzani wakiwamwagia vyakula kichwani. Kiongozi wao alikuwa Kipchirchir, mume wa Nyanchama. Na mke wa kiongozi, jamani, akawa nani? Lynette. Nesi Lynette wa kwaya, hana mume, hana mtoto, kiuno bado cha msichana wa sekondari.

Wivu ukamkaba Nyanchama. Sehemu ile aliitaka yeye. Akaambiwa sauti yake ni kali, inafaa upande wa wapinzani. Tena Mchungaji akatenganisha mazoezi, wasije wakazoeana wakacheka jukwaani: wapinzani Jumapili baada ya ibada, kiongozi na mkewe Jumamosi.

Basi kila Jumamosi Kipchirchir anaoga, anajipulizia manukato, na saa nne asubuhi gari limeshatoka nyumbani kwao Pickering. Kurudi ni jioni, anapiga mluzi. Nyumbani hakuigusa ile karatasi ya maneno hata siku moja, lakini ukimuuliza, anayo yote kichwani. Mazoezi gani hayo ya kutwa nzima? Nyanchama alijijibu mwenyewe, na jibu hilo lilimnyima raha wiki nne.

Siku yenyewe Kipchirchir alihutubia mpaka kina mama wakatoa machozi. Akamshika Lynette mkono, akamwita mke wangu mbele ya kanisa zima. Hapo Nyanchama, na wigi lake la rangi ya shaba, akachomoka kwenye kundi la wapinzani akammiminia Lynette chupa nzima kichwani, pamoja na maneno ambayo hayakuandikwa popote. Watu wakasimama kupiga makofi. Walidhani anaigiza.

Moyo ulimtulia, lakini kidogo tu. Mchezo ulipokwisha alimfuata Lynette chooni, amalizane naye kabisa.

Lynette alikuwa ameinamia sinki. Aliinua kichwa, maji mekundu yakimchuruzika shingoni, akacheka.

"Usijali, Mama Ella, itatoka tu. Mimi nilikuwa nakutafuta nikushukuru. Jumamosi zote nne nimefanya mazoezi na kiti kitupu, nikaogopa Baba Ella atatuaibisha. Kumbe ni kweli alivyotuambia, kwamba siku hizo hatoki nyumbani, mnafanya wawili tu, na maneno ya mke unayasoma wewe."