Sauti ya Kwanza

Barua ya kumfukuza kazi binti wa marehemu mdogo wake ilikuwa ndani ya koti jeusi la mzee, imekunjwa mara mbili, na kila alipovuta pumzi ilimkwaruza kifuani. Angempa baada ya makofi. Udugu kando, muziki ni muziki.

Nje ya chumba cha kuvalia, ukumbi ulikuwa umefurika. Chama cha wapenzi wa muziki kilikuwa kimemwandalia alasiri nzima, kumshukuru kwa miaka arobaini ya kusimama mbele ya okestra na kijiti mkononi. Walimwita Sikio, maana katika wapigaji sitini alijua ni nani aliyekosea, na kwa kidole kipi.

Lakini Sikio hakuwa na raha. Ni mwaka wa tano sasa okestra yake ilikuwa ikipaa. Sauti zilikaa juu ya pale zinapotakiwa, kidogo tu, kama mlango usiofunga sawasawa, na ilionekana yeye peke yake ndiye aliyejali. Alianza na mdogo wake, mpiga zumari, kwa sababu zumari ndiyo inayotoa sauti ya kwanza na wengine wote hulinganisha vyombo vyao nayo. Alimfukuza mbele ya wenzake. Mtu mzima yule alilia akiapa kwamba hajapaa. Tangu siku hiyo hakupiga tena mbele ya watu, na kabla ya mwaka wa pili kwisha akafa. Walisema ni moyo. Sikio alikwenda mazikoni, akasimama nyuma.

Binti akarithi kiti cha baba yake, na ugonjwa uleule akaurithi. Kwa Sikio hata piano ilipaa, na fundi wake aliitwa mara nne ndani ya mwezi mmoja. Mara ya nne alifunika piano, akamtazama Sikio kwa muda, akachukua mkoba wake na kuondoka bila kudai hata nauli. Juzi kwenye mazoezi Sikio alifoka kwamba wanapaa wote, mpaka kijiti kikamvunjikia mkononi.

Na leo kulikuwa na jambo. Alifika saa saba, mapema kuliko kawaida yake, akakuta mlango wa chumba cha mazoezi umefungwa kwa ndani. Kupitia kioo aliwaona wapiga fidla wakilegeza nyuzi zao, mmoja baada ya mwingine, na binti akipita kati yao kama mwalimu wa zamu.

"Wiki tatu tumejificha," alikuwa akiwaambia. "Asijue kitu mpaka tumalize."

Mtu akauliza itakuwaje mzee akiwavuruga palepale jukwaani.

"Hatavuruga. Nitazameni mimi, msimtazame yeye."

Sikio alirudi nyuma kutoka mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo wangemwaibisha mbele ya watu mia nane, binti alipize kisasi cha baba yake, na magazeti yaandike kwamba Sikio amezeeka, okestra imemfia mikononi. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alifikiria kusema anaumwa. Lakini mwenyekiti wa wapenzi wa muziki, daktari wa meno mwenye vidole baridi, alikuwa ameshamshika mkono akimwambia watu wanasubiri.

Pembeni mwa jukwaa binti alimwamkia. "Shikamoo, Baba Mkubwa." Aliitikia marahaba bila kumtazama.

Taa zikawaka. Watu wakanyamaza. Binti akainua zumari, na Sikio akakaza meno kama mtu anayengoja kofi.

Sauti ya kwanza ikatoka, nayo ilikuwa safi. Haikuwa juu wala chini. Fidla zikaishika, tarumbeta zikaishika, na kwa saa nzima hakusikia noti hata moja ikipaa. Kijiti kilikuwa chepesi mkononi mwake kama zamani. Kumbe waliweza! Kumbe miaka yote hii ulikuwa ukaidi tu, na zile wiki tatu walijificha kujifunza kumtii. Machozi yalimlenga. Aligusa koti pale ilipokuwa barua na kuamua kuichana. Kisha akamkumbuka mdogo wake, kwa uchungu na hasira kidogo: kama binti ameweza, baba yake alishindwa nini?

Watu walisimama, wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma. Mwenyekiti alipanda jukwaani na kisanduku cha mbao. Ndani yake mlikuwa na uma wa chuma wenye meno mawili, ule wa kupimia sauti. Sikio aliutambua mara moja. Ulikuwa wa mwalimu wao, aliowafundishia yeye na mdogo wake wakiwa na kaptura.

Mwenyekiti alieleza kwamba zawadi hiyo imetolewa na binti, aliyeikuta kwenye mkoba wa marehemu. Baba yake, alisema, alikuwa akijipima nao kila asubuhi, hata baada ya kuacha kazi, mpaka siku ile ya mwisho. Ukumbi ukaguna kwa huruma. Wakamwomba mzee augonge wausikie.

Sikio aliugonga gotini, akausogeza kwenye kipaza sauti. Sauti ikajaa ukumbini.

Ilikuwa imepaa.

Alicheka, akaugonga tena. "Hata chuma huzeeka," aliwaambia watu. "Sikieni, nacho kimepaa."

Ukumbi mzima ukacheka. Katika okestra hakuna aliyecheka. Wengine walikuwa wameinamisha macho kwenye vyombo vyao.

Binti aliinuka kwenye kiti cha baba yake, akaja hadi karibu kabisa, akaweka kiganja juu ya kipaza sauti ili mtu mwingine asisikie.

"Chuma hakipai, Baba Mkubwa," alisema. "Leo ni sisi tulioshuka, ili wewe usikie vizuri."