Kiti cha Baba Meza Kuu

Siku hizo kila marehemu aliruhusiwa kurudi mara moja tu, kwa saa moja. Ndiyo maana Tusekile alitaka siku ya harusi yake kiti cha baba yake kiwekwe katikati ya meza kuu, amlishe keki kwa mkono wake.

"Mama, umeshaomba saa ya baba?"

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Atuganile alijibu, akinyoosha kitambaa cha kiti kilichokwisha kunyooka.

Angemwambiaje? Saa ile aliitumia Jumanne moja ya mvua, miaka sita iliyopita. Upweke ulimzidi, akamwita mumewe, wakagombana kuhusu bati linalovuja mpaka akatoweka.

Jioni mshereheshaji akatangaza, "Tusimame tumpokee baba wa bibi harusi!"

Ukumbi mzima ukasimama. Tusekile akainua kipande cha keki, akakitabasamia kiti.