Binti wa Kwenye Simu

Siku ya kuchagua kampuni ya kumwekea simu ya intaneti kwenye duka lake la gesi, Tunu Mshamu alisikilizishwa simu mbili. Ya kwanza iliita tu mpaka mtu aipokee. Ya pili, kabla ya kumaliza mlio wa kwanza, ilijipokea yenyewe, na sauti tamu ya binti ikasema, "Karibu kwetu! Kwa mitungi ya gesi, bonyeza moja." Tunu akapiga makofi kwa furaha. Hiyo ndiyo simu ya duka la maana, akasema, na namba yake ya zamani akaihamishia huko.

Tangu hapo mitungi ikawa inakula vumbi.

Leo asubuhi Bi Mwanakheri, mjane ambaye miaka yote alibipu tu akakata na mtungi ukamfikia jikoni, aliingia akihema, mtungi mtupu kichwani.

"Mama, si ungebipu tu?" Tunu alisema akimtua.

"Nimebipu mpaka basi, mwanangu. Yule binti anapokea papo hapo, anaongea mpaka salio langu linakwisha." Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nikajua umemweka makusudi. Umetuchoka sisi watu wa kubipu."

Simu ikalia mezani. Tunu akairukia, lakini binti alikuwa keshapokea. Akaweka mkono wa simu sikioni, akamsikia anavyokaribisha kwa ile sauti yake tamu, na upande wa pili mtu akikata.